Babu Yangu Alikuwa Mkunjufu

Mwaka 1982 nilikuwa nikifundisha Kiswahili darasa la sita katika shule moja ya msingi wilayani Kilosa. Siku ninayoikumbuka somo lilikuwa vivumishi, na kivumishi tulichokifikia kilikuwa -kunjufu. Niliandika ubaoni mifano miwili, nikafuta mikono chaki, kisha nikawaagiza watoto kila mmoja atunge sentensi moja ya kwake katika daftari.

Sentensi zilizokuja zilikuwa zile ambazo kila mwalimu wa Kiswahili anazijua. "Mama yangu ni mkunjufu." "Wageni walipokewa kwa nyuso kunjufu." "Daktari mkunjufu humpa mgonjwa matumaini." Mtoto mmoja mtundu aliandika kwamba muuza duka wa kijijini huwa si mkunjufu siku ambayo sukari ipo, na kila aliyeishi miaka ile ya kupanga foleni atajua kwa nini nilicheka. Nikampa vema.

Kisha nikafungua daftari la msichana mmoja aliyekaa dawati la nyuma, mkimya, mwandiko wake umenyooka kama mstari wa mahindi. Alikuwa ameandika: "Babu yangu alikuwa mkunjufu, ndiyo sababu hatuna shamba."

Nilisoma mara mbili. Nikaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, na pembeni nikaandika: "Haina maana. Rudia." Kesho yake alirudia, nami nikampa vema yake. Alichokiandika mara ya pili sikukikumbuka tena hata siku moja, mpaka nilipokumbushwa. Hayo nitayafikia mwishoni. Kwanza, msomaji wangu, naomba tulitazame neno lenyewe, maana limenisumbua kwa zaidi ya miaka arobaini.

Neno -kunjufu limezaliwa na kitendo kidogo cha nyumbani. Tunakunja mkeka, tunakunja nguo, tunakunja ngumi, tunakunja uso. Ukitaka kufanya kinyume chake, unakunjua. Mgeni akifika, jamvi hukunjuliwa. Akishaondoka, hukunjwa likaegemezwa ukutani. Kutokana na kukunjua tukapata kivumishi kwa kutia -fu mwishoni, kama tulivyopata mpungufu kutokana na kupungua na mpotofu kutokana na kupotoka. Mtu mkunjufu basi, kwa asili ya neno, ni mtu asiye na kunjo: hana kitu kilichofichwa ndani ya mkunjo wa uso wala wa moyo. Kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939 inalo neno hili, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inalo pia.

Ndugu zake neno hili ni wengi, lakini hawafanani. Mchangamfu ni mtu mwenye uchangamfu wa maneno na mwendo; anaweza kuwa mchangamfu sokoni na akawa na kinyongo nyumbani. Bashasha, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni furaha inayoonekana usoni mtu anapompokea mwenzake. Karimu ni mwenye mkono wa kutoa. Na kirafiki twaitumia kwa namna ya kutenda jambo: mechi ya kirafiki, mazungumzo ya kirafiki, ziara ya kirafiki. Rafiki mwenyewe naye ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji, kwa kuwa kwa Kiarabu neno hilo ni la mwandani wa safari. Siku hizi hata bei huitwa rafiki.

Iko tofauti moja ambayo nilikuwa nikiwafundisha watoto kila mwaka bila kuisikia mimi mwenyewe. Kivumishi cha Kiswahili hakisimami peke yake. Huwezi kusema "kunjufu" ukanyamaza. Utaulizwa, nani, au nini? Lazima kivae kiambishi cha mwenyewe: mtu mkunjufu, watu wakunjufu, moyo mkunjufu, mioyo mikunjufu, maneno makunjufu. Kinamfuata mwenyewe kama kivuli. Urafiki, kwa upande wake, ni nomino. Unaweza kuandikwa juu ya karatasi, ukapigwa muhuri, ukasafirishwa ng'ambo, pasipo kuonekana uso wa mtu yeyote. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, historia yetu ilipojifunzia mambo mengi kwa machozi.

Nichukue mfano wa kwanza. Tarehe 21 Septemba 1833, mjini Muscat, Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Omani na Unguja, alitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara na Marekani. Mjumbe wa Marekani aliitwa Edmund Roberts. Wamarekani waliruhusiwa kuingia na kutoka katika bandari zote za Sayyid, wakilipa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa walizoshusha. Mwaka 1837 balozi wao mdogo, Richard Waters, alifika Unguja. Mwaka 1840 Sayyid naye alituma jahazi lake, Sultana, mpaka New York, likiongozwa na mjumbe wake Ahmad bin Naaman.

Sina sababu ya kuudharau urafiki huo. Pande mbili zilijua zinachotaka: Sayyid alitaka wateja na alitaka Waingereza wasiwe peke yao mlangoni kwake, Wamarekani, hasa wale wa bandari ya Salem, walitaka pembe za ndovu na sandarusi. Kila upande uliujua uzito wa karatasi, na kila upande uliweza kuisoma. Kumbukumbu yake imebaki hata vinywani mwetu, kwa kuwa kitambaa cheupe cha pamba walichokileta kiliitwa marekani, na bibi zetu waliendelea kukiita hivyo muda mrefu baada ya kusahaulika waliokileta.

Lakini tuulize kama mwalimu wa vivumishi: ni nani aliyekuwa mkunjufu, na kwa nani? Pembe zile hazikutembea zenyewe mpaka pwani. Zilibebwa mabegani kwa miezi, nyingine na wapagazi wa ujira, nyingine na watumwa. Mashamba ya karafuu ya Unguja yalistawi miaka hiyohiyo kwa jasho la watu walionunuliwa. Urafiki wa mwaka 1833 ulikuwa wa kweli baina ya wenye majahazi. Mbeba pembe hakuwamo ndani yake.

Ajabu ni kwamba katika njia hizohizo za misafara palizaliwa urafiki wa namna nyingine, usio na karatasi hata moja. Nazungumzia utani. Mnyamwezi aliyeteremka na mzigo mpaka pwani alipita katika nchi ya Wazaramo. Wakajuana, wakagombana, wakazoeana, na hatimaye wakawa watani. Mtani hukuita kila jina baya. Hukunyang'anya kofia, hukucheka mbele ya wakwe zako. Lakini siku ya msiba mtani ndiye anayefika mapema, ndiye anayeshika jembe la kaburi, na ndiye mwenye ruhusa ya kuwachekesha waliofiwa. Maneno yake ni makali, na moyo wake ni mkunjufu. Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hawakusema akuandikiaye.

Mfano wa pili uko karibu sana na shule niliyofundisha, maana Msovero iko katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa. Novemba 1884 kijana Mjerumani aliyeitwa Carl Peters aliwasili Unguja pamoja na wenzake wachache, Karl Jühlke na Joachim von Pfeil wakiwamo. Walisafiri kwa kujificha. Serikali ya nchi yao ilikuwa imemjulisha Peters kwamba asitegemee ulinzi wake. Alikuwa na kundi dogo la wapagazi, zawadi, pombe, na karatasi. Alivuka bahari mpaka Saadani, akapanda bara, na kwa muda wa wiki chache akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Kila alipofika alitafuta mkuu wa mahali, akamnywesha, akampa zawadi, na pengine akachanjiana naye damu kama ndugu. Kisha karatasi ikatolewa.

Tarehe 29 Novemba 1884 ilikuwa zamu ya Mangungo wa Msovero. Karatasi ilimwita Sultani. Ilisema kwamba yeye na Dakta Peters wanafunga mkataba wa urafiki wa milele. Ndivyo ilivyoanza, kwa neno tamu kuliko yote. Baada ya neno hilo ilieleza kwamba Mangungo anaitoa nchi yake yote, pamoja na haki zote zinazoambatana nayo, kwa chama cha Peters cha ukoloni wa Kijerumani. Iliandikwa kwa Kijerumani, ikaelezwa kwa njia ya mkalimani.

Hebu tufikiri jambo hili kwa kadiri ya desturi ya mahali. Mkuu wa Kisagara wa wakati ule hakuwa na ardhi ya kuuza kama mtu anavyouza mbuzi. Ardhi ilikuwa ya ukoo, ya waliokufa na ya watakaozaliwa. Alichokuwa nacho ni mamlaka ya kumkaribisha mtu: kumkunjulia jamvi, kumwonyesha mahali pa kujenga na pa kulima. Ndiyo kazi ya mwenyeji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na ukimpa jembe lazima umpe pa kulilimia. Aliyekuja na zawadi na maneno makunjufu alipokewa kwa moyo mkunjufu. Mmoja alikuwa akipokea mgeni, mwingine alikuwa akipokea nchi, na wote wawili waliketi juu ya jamvi moja.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Peters alirudi Ulaya na mikataba yake kumi na miwili. Mkutano wa Berlin ulimalizika tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake, tarehe 27, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya kuzilinda nchi zile. Sayyid Barghash wa Unguja alipinga, na mwezi Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake mpaka akakubali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana mipaka. Mwaka 1888 watu wa pwani, Abushiri bin Salim akiwa mbele yao, walishika silaha. Naye alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu urafiki wa milele.

Na yule rafiki je? Aliporudi na cheo cha serikali huko Kilimanjaro, mwaka 1891, aliamuru watu wanyongwe, na mmoja wao alikuwa mwanamke. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi kwa ukatili wake. Waafrika hawakungoja mahakama kumpa jina. Walikwisha kumwita Mkono wa Damu. Kiswahili kilimtafutia kivumishi kinachomfaa.

Watanzania wamemfanya Mangungo kuwa mfano wa ujinga. Mkataba wowote mbaya unapofichuka, hata leo, utasikia mtu akisema huu ni mkataba wa Mangungo, na watu wanacheka. Nami nilikuwa nikicheka. Darasani nilisimulia habari zake kwa namna ya kuwafanya watoto wacheke, kama kwamba kosa lote lilikuwa la mtu asiyejua kusoma, na aliyeandika alikuwa mjanja tu. Hatukumuuliza Mangungo alichokuwa akitoa. Tulimhukumu kwa karatasi ya mwenzake.

Mfano wa tatu ni wa umri wangu, na nautaja ili msomaji asidhani kwamba nawakataa marafiki wote wanaokuja na kalamu. Mwezi Februari 1965 Mwalimu Nyerere alikwenda China, na huko nchi mbili zikatiana mkataba wa urafiki. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina kilifunguliwa Dar es Salaam, kikaitwa Urafiki, na khanga na vitenge vyake vikavaliwa nchi nzima. Halafu ikaja reli. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikwisha kukataa kuijenga. Makubaliano yalifanywa mwaka 1967, kazi ikaanza mwaka 1970, na mwaka 1975 reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, ikawa imelazwa yote, kwa mkopo usio na riba.

China nayo ilikuwa na haja zake, kama Sayyid Said alivyokuwa na zake. Dola haitoi kitu bila hesabu. Lakini katika reli ile kivumishi kilipata watu wa kukivaa. Wachina walilala katika mahema kama wenzao, wakaumwa na mbu haohao, na zaidi ya 60 kati yao walifia kazini. Wako makaburi yao nje ya Dar es Salaam. Mtu akiniuliza kama urafiki ule ulikuwa mkunjufu, sitamwonyesha mkataba. Nitamwonyesha makaburi, na nitamwonyesha daraja.

Basi nirudi kwa msichana wangu.

Miezi kadhaa baada ya sentensi ile, mwalimu mwenzangu mwenyeji wa kijiji alinieleza habari za babu yule, tukiwa tunatembea kwenda kisimani. Katika miaka ya 1950 alipokea mgeni aliyekuja na mkewe wakitafuta pa kulima. Mzee aliwapa sehemu ya shamba lake bondeni, penye maji. Waliishi vizuri, walizikana, walikopeshana mbegu. Siku moja mgeni alimletea karatasi, akamwambia ni ya kuonyesha kwamba wao ni marafiki, wasije watoto wakagombana baadaye. Mzee hakujua kusoma. Aliweka dole gumba, akamchinjia jogoo. Alipofariki, karatasi ilitolewa, ikasomwa. Ilisema kwamba shamba lote la bondeni ni la mgeni. Wanawe walihangaika baraza hadi baraza, wakachoka, wakahamia mlimani kwenye mawe.

Niliposikia hayo nilisimama njiani. Niliikumbuka ile alama nyekundu. Lakini sikufanya kitu. Mwaka ulikuwa unakwisha, mitihani ilikuwa karibu, na nilijiambia kwamba mtoto amekwisha kusahau. Hayo ndiyo maneno ambayo mkubwa hujiambia anapoona aibu kumwomba radhi mdogo.

Mwaka 2006 nilikuwa nikingoja basi kituo cha Msamvu, Morogoro. Mama mmoja mwenye mkoba wa ngozi alinisogelea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika, "Marahaba, mwanangu," nikiwa simtambui. Alinitajia jina lake na shule, na kabla hajamaliza nilikwisha kuliona dawati la nyuma. Tukaenda kunywa chai, akakataa katakata nilipe. Alikuwa karani katika ofisi moja ya kata. Kazi yake, alisema, zaidi ni kuwasomea wazee karatasi wanazoletewa na watu. Huwasomea mpaka mwisho, na huwaambia wasiweke dole gumba kabla hawajamweleza yeye, kwa maneno yao wenyewe, karatasi inasema nini. Wengine humkasirikia kwa kuwachelewesha.

Nilimwambia kwamba nilikosa kuhusu sentensi yake. Alinitazama kidogo, kisha akacheka, bila kinyongo.

"Nakumbuka, Mwalimu. Uliniambia nirudie. Nikaandika, 'Babu yangu alikuwa mkunjufu, ndiyo sababu watu walimpenda.' Ukanipa vema."

Basi la Dodoma likapiga honi. Alinyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniombea safari njema, akaondoka.

Nimeifikiria sana sentensi ile ya pili. Haina kosa la sarufi. Upatanisho wake umekaa sawa, nukta yake ipo mahali pake. Hata ni ya kweli, kwa kuwa watu walimpenda mzee yule. Lakini niliifanya ikalie juu ya ile ya kwanza kama mkeka uliotandikwa juu ya shimo. Peters aliandika neno zuri juu ya karatasi ili lifunike jambo. Mgeni wa bondeni alifanya vivyo hivyo. Nami, mwenye chaki na wino mwekundu, nilimfundisha mtoto wa miaka kumi na mitatu kufanya jambo hilohilo, nikamtunuku kwa kulifanya vizuri.

Simlaumu babu. Sitaki watoto wetu wajifunze kukunja jamvi kila waonapo mgeni, kwa sababu ya waliotuibia juu ya jamvi. Ukunjufu wa mzee yule haukuwa ujinga. Ulikuwa ndio utajiri wake mkubwa, na aliyeutumia vibaya ndiye mwenye aibu. Ninachotaka ni kwamba tukilisikia neno hili tamu, liwe la mkataba, la tangazo la biashara au la mwanasiasa, tuulize swali la darasa la sita: mkunjufu nani? Kwa nani? Na karatasi imesomwa mpaka mwisho?

Daftari lile limekwisha kuliwa na mchwa zamani. Lakini kwa kuwa sina lingine la kuandikia, naiandika hapa sentensi yake ya kwanza, kama alivyoiandika, na naweka mbele yake alama niliyomnyima. Babu yangu alikuwa mkunjufu, ndiyo sababu hatuna shamba. Vema.